Kudanganya Ili Kupata Msaada wa Nyumba: Je, Ni Kosa Dogo?



Yapo makosa ambayo watu wengi hawayaiti wizi. Mtu akichukua kuku wa jirani ataitwa mwizi mchana kweupe, na watoto watamfuata njiani wakimzomea. Lakini mtu huyo huyo akijaza fomu ya serikali na kuandika kwamba nyumba yake iliyobomolewa na kimbunga ndiyo anayoishi, hali anaishi kwingine, jamaa zake watasema, "Huyo ni mjanja." Eti mali ya serikali haina mwenyewe. Eti asipoila yeye wataila wengine.

Sisi, mume na mke, tumeishi katika jimbo la New Jersey, nchini Marekani, tangu mwaka 2006. Tulikuja kwa ile bahati nasibu ya viza, tukiwa na watoto wawili na masanduku manne, na mtoto wa tatu tukampatia huku. Tulikuwapo kilipopiga kimbunga kilichoitwa Sandy mwaka 2012. Tuliona maji, tukaona msaada ulivyokuja, tukaona tamaa ilivyoingia katika nyumba za watu wenye heshima, na mwisho tukaona mashtaka. Tunaandika haya kwa sababu jambo hili haliwahusu wanasheria peke yao. Kabla halijafika ofisi yoyote huwa limekwisha kuamuliwa nyumbani, usiku, kati ya mume na mke.

NYUMBA ZA AINA MBILI

Kimbunga Sandy kiliingia nchi kavu jioni ya tarehe 29 Oktoba 2012, karibu na mji wa Brigantine. Mbele ya pwani ya New Jersey vimejipanga visiwa vyembamba vya mchanga, na juu ya visiwa hivyo watu wamejenga nyumba kwa maelfu. Usiku ule bahari ilivipanda. Huko Mantoloking mawimbi yalikikata kisiwa vipande, maji yakapita toka bahari hadi ghuba. Huko Seaside Heights gari la reli la kuchezea watoto, lile lipandalo na kushuka juu ya vyuma, lilikutwa asubuhi limesimama baharini, na picha yake ikaenea duniani kote. Serikali ya jimbo ilihesabu nyumba zipatazo 346,000 zilizoharibiwa kidogo au kabisa.

Ili mpate kuelewa yaliyofuata, hamna budi kujua kwamba katika pwani hiyo zimo nyumba za aina mbili zilizosimama mlango kwa mlango. Kuna nyumba za watu wanaoishi humo mwaka mzima: wauguzi, walimu, wavuvi, mafundi, na wazee wastaafu. Na kuna nyumba za watu kutoka New York, Pennsylvania na kwingineko, ambao huja mwezi Juni na kuondoka Septemba. Kwa nje nyumba hizo hufanana. Kimbunga hakikuuliza mwenye nyumba hulala wapi wakati wa baridi.

Lakini msaada wa serikali uliuliza, tena kwa wino mzito. Shirika la serikali kuu lishughulikialo maafa, liitwalo FEMA, liliweza kumpa mwenye nyumba hadi dola 31,900. Baadaye, kwa fedha zilizopitishwa na Bunge la Marekani mnamo Januari 2013, jimbo lilianzisha mpango wa kujenga upya na kuinua nyumba, uliotoa hadi dola 150,000 kwa kila nyumba. Ulikuwapo pia mpango mwingine uliotoa dola 10,000 kwa mwenye nyumba aliyeahidi kubaki katika wilaya yake kwa miaka mitatu. Misaada hiyo yote ilikuwa na sharti moja: nyumba iwe ndiyo makazi yako ya kawaida siku ya kimbunga. Nyumba ya likizo haikuhesabiwa.

Sharti hilo lina maana. Mwenye nyumba ya likizo amepata hasara, hatukatai, lakini usiku huo huo anacho kitanda kwingine. Aliyepoteza nyumba yake ya pekee analala ukumbini juu ya machela, na watoto wake wanauliza shule watakwenda toka wapi.

KAZI YETU ILIVYOTUFANYA MASHAHIDI

Kazi yetu katika miaka hiyo ilikuwa kutunza nyumba za likizo. Wenyewe walipoondoka sisi ndio tuliobaki na funguo. Kila mwezi wa Oktoba tulifunga maji, tukayatoa yote katika mabomba, na kumimina dawa ya kuzuia kuganda katika matundu ya masinki na vyoo. Bila ya hivyo maji huganda wakati wa baridi, bomba likapasuka, na nyumba ikaharibika kwa ndani bila mtu kujua. Mwezi wa Aprili tulifungua tena, tukafagia, tukatandika vitanda. Mwaka 2012 tulikuwa na nyumba tano za namna hiyo.

Sisi wenyewe tulipanga nyumba ya chini katika mji mmoja wa pwani. Maji ya Sandy yaliingia hadi juu ya magoti, yakaharibu vitanda, jiko, na vitabu vya watoto. Tulijiandikisha FEMA kwa simu. Baada ya siku chache akaja mkaguzi, akatazama mkataba wetu wa kupanga, bili ya umeme na vitambulisho, akatembea chumba kwa chumba. Tuliwekewa sahihi mbele yetu karatasi ya tamko, inayosema kwamba yote tuliyoeleza ni kweli, na kwamba kusema uongo ni kosa la jinai. Tulipewa fedha za kodi ya miezi miwili. Tulizilipia kodi, risiti tukazitia katika bahasha, na bahasha tunayo hata leo.

Wiki chache baadaye mwenye nyumba mmoja kati ya wale watano alitupigia simu tukutane. Yeye na mkewe walikuwa watu wema kwetu. Mwanetu mdogo alipolazwa hospitali, mama yule alikaa naye alasiri nzima ili sisi twende kazini, tusifukuzwe. Alitupatia nyumba mbili nyingine za kutunza kwa kutusifu kwa rafiki zake. Basi tulikwenda kwa moyo mweupe.

Bwana yule alitutolea barua iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema kwamba sisi, kama watunza nyumba, tunathibitisha kuwa yeye na familia yake huishi pale pwani mwaka mzima. Ilibaki sahihi yetu tu. Alieleza kwamba nyumba yao ya kweli, iliyoko mbali na bahari, haikuguswa na maji, lakini ile ya pwani sakafu yote imeoza na bima haitoshi. Akasema, "Hakuna mtu atakayeumia. Hizi ni kodi zangu nilizolipa miaka thelathini."

Tulitazamana. Wiki mbili tu kabla ya kimbunga, sisi wenyewe tulikuwa tumefunga maji katika nyumba ile. Tulimjibu kwa heshima: "Bwana, sisi ndio tuliofunga maji. Tutasemaje kwamba mlikuwa mkiyanywa?" Hakukasirika. Aliikunja barua, akatia mfukoni, akatushukuru kwa muda wetu. Mwezi uliofuata tulipata ujumbe kwamba hatuhitajiki tena, na wale rafiki zake wawili nao wakafuata. Nyumba tano zikawa mbili.

Akina mama, tusiwadanganye. Yalikuwa majira ya baridi magumu. Watoto watatu, samani zimeoza, na kazi imepungua zaidi ya nusu. Rafiki mmoja kutoka nyumbani, anayeishi mji wa jirani, alituambia waziwazi, "Shemeji, mmejifungia riziki wenyewe. Sahihi moja tu! Watu wale wamewasaidia." Neno hilo la shukrani ndilo lililotuuma kuliko lile la fedha. Kwetu sisi asiye na fadhila ni mtu mbaya. Tulikaa usiku mwingi tukijiuliza, je, shukrani ni kumsaidia mtu kudanganya? Tulikubaliana kwamba mtu aliyekulelea mtoto unamwia deni la mambo mengi, lakini ulimi wako haumo katika hayo.

NANI ALIYEUMIA?

Bwana yule alisema hakuna atakayeumia. Hebu tuone.

Mlango wa pili na nyumba yake aliishi bibi mmoja mjane, mwuguzi mstaafu, aliyekaa pale mwaka mzima. Sakafu yake ilikuwa imeoza sawasawa na ya jirani yake. Yeye aliomba ule msaada wa kujenga upya akaambiwa yumo katika orodha ya wanaongoja. Mpango ule ulikuwa na waombaji wengi kuliko fedha za awamu ya kwanza, na maelfu waliwekwa katika orodha hiyo. Bibi alihamia chumba cha wajukuu wake, akalala kitanda cha juu cha ghorofa akiwa na miaka zaidi ya sabini. Alikuja mara kwa mara kuitazama nyumba yake iliyofungwa mbao, nasi tulimkuta pale amesimama barabarani, mkoba mkononi.

Fedha za maafa ni kama chungu kimoja cha wali katika msiba. Aliyeshiba nyumbani kwake akija na kupakua sahani mbili, hawezi kusema hakumnyima mtu. Aliyenyimwa yuko mwisho wa mstari, hamwoni.

Kuna na dhara la pili. Kila udanganyifu unapogunduliwa, serikali huongeza fomu, uthibitisho na ukaguzi. Nani huumizwa na fomu? Siyo mjanja, kwa maana yeye ana wakati na mara nyingi ana mwanasheria. Huumizwa mjane ambaye hati zake zilichukuliwa na maji. Baada ya kimbunga Katrina kilichopiga Louisiana na Mississippi tarehe 29 Agosti 2005, familia nyingi maskini za New Orleans zilikwama kwa sababu nyumba zao zilikuwa za urithi. Babu alimwachia baba, baba akawaachia watoto, wala hakuna aliyekwenda kubadili jina katika hati. Waliishi humo maisha yao yote lakini hawakuweza kuthibitisha kwa karatasi.

JINSI WANAVYOGUNDULIWA

Wengi hudhani serikali ni kubwa mno hata haioni. Kwa siku za kwanza ni kweli haioni vizuri, kwa sababu lazima iharakishe. Baada ya Katrina, Ofisi ya Ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa mwezi Juni 2006 ikikadiria kwamba kati ya dola milioni 600 na bilioni 1.4 zililipwa isivyostahili. Zilikuwapo fedha zilizotumwa kwa watu waliokuwa gerezani, na kwa maombi yaliyotaja makaburi kuwa ndiyo nyumba. Wakaguzi wenyewe waliomba kwa majina ya uongo ili kujaribu, wakatumiwa hundi ya kodi. Baadhi ya fedha za misaada zilikuwa zimekwenda katika tiketi za mpira, likizo katika visiwa vya Karibi, na hata ada ya wakili wa talaka.

Lakini serikali isiyoona leo huona kesho. Mnamo Septemba 2005, siku chache tu baada ya Katrina, Wizara ya Sheria iliunda kikosi maalumu cha kupeleleza udanganyifu huo, na makao yake yakawekwa Baton Rouge, Louisiana. Kufikia mwaka 2010 watu zaidi ya 1,300 walikuwa wameshtakiwa. Januari 2008 ikatiwa sahihi sheria mpya, na tangu hapo mtu anayedanganya ili kupata msaada wa maafa ya kitaifa anaweza kufungwa hadi miaka 30.

New Jersey nayo ilijifunza. Kuanzia Machi 2014 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ikishirikiana na wakaguzi wa FEMA, wa Wizara ya Nyumba na wa shirika la mikopo ya wafanyabiashara wadogo, ilianza kushtaki watu walioandika nyumba za likizo kuwa makazi yao. Katika miaka michache walioshtakiwa walipita 100. Wapo waliokuwa wakiishi Florida na New York, wakaomba kana kwamba hawakuwahi kulala kwingine ila pwani.

Upelelezi wenyewe si wa ajabu. Hutazama mita: nyumba iliyotumia umeme kidogo mno wakati wa baridi haikuwa na mtu. Hutazama maji. Hutazama leseni ya udereva ina anwani gani, mtu alijiandikisha wapi kupiga kura, barua zake za benki zilikwenda wapi, na alipojaza fomu za kodi ya mapato aliandika anaishi wapi. Mtu huweza kuidanganya fomu moja, lakini maisha yake yamo katika fomu ishirini alizozijaza kabla hajawa na sababu ya kudanganya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bwana yule. Mwaka 2015 wapelelezi wawili wa jimbo walibisha mlangoni petu. Walikuwa tayari na karatasi za umeme na maji. Walituuliza jambo moja tu: je, ni kweli sisi ndio tuliofunga maji katika Oktoba 2012? Tulisema ndiyo, tukaonyesha daftari letu la kazi lenye tarehe. Walipoondoka hatukusikia furaha yoyote. Tuliona ubaya tumboni, kwa kuwa tulimfikiria mama yule aliyekaa na mwanetu hospitali. Jina lake lilikuwa katika fomu pamoja na la mumewe.

ADHABU NA REHEMA

Katika New Jersey, wizi wa kulaghai wa dola 500 hadi 75,000 unaweza kumfunga mtu miaka mitatu hadi mitano, na kutozwa faini ya hadi dola 15,000. Ukifika dola 75,000 na zaidi, kifungo ni miaka mitano hadi kumi. Kusema uongo katika fomu pekee, hata kabla hujapokea senti, kunaweza kuleta kifungo cha hadi miezi 18.

Hata hivyo, si wengi waliotupwa gerezani. Uko mpango katika mahakama za jimbo hilo kwa wakosaji wa mara ya kwanza. Mshtakiwa huwekwa chini ya uangalizi kwa muda, hulipa alichochukua, na akitimiza masharti kesi hufutwa. Wazee wetu wale waliingia katika mpango huo. Walirudisha fedha zote, na ili kuzipata waliuza ile nyumba ya pwani, ile ile waliyotaka kuiokoa.

Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Wako wanaosema kwamba mtu aliyepata hasara asishtakiwe kabisa, maana ameumia tayari. Tunawauliza: na yule bibi mjane aliyelala kitanda cha juu, yeye hakuumia? Wako wengine wanaosema wote wafungwe bila huruma. Hao nao tunawaonya, kwa sababu serikali yenyewe hukosea, na mkono unaopiga haraka huweza kumpiga asiye na hatia.

Hili limetokea. Baada ya Katrina, FEMA iliandika barua kwa makumi ya maelfu ya watu ikitaka warudishe fedha, na wengi wao hawakudanganya hata kidogo; walikuwa wamelipwa kwa makosa ya maofisa. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu madeni ya namna hiyo yasamehewe pale ambapo hakukuwa na udanganyifu. Tena huko Louisiana, wenye nyumba walipewa dola 30,000 za kuinua nyumba juu ya nguzo. Wengi walizitumia kumalizia matengenezo kwa kuwa fedha za kwanza hazikutosha, na baadhi walisema ni wahudumu wa mpango waliowaambia wanaweza. Jimbo likawashtaki watu wapatao 3,500 katika kesi za madai, ili lirudishiwe fedha. Wazee wa miaka themanini walipokea hati za mahakama. Mnamo Februari 2023 jimbo na serikali kuu walikubaliana kuziacha kesi hizo.

Basi tofauti ni ipi? Aliyetumia fedha za nyumba yake katika nyumba ile ile, akiwa amekwama, hakumwibia mtu. Aliyebuni makazi asiyokuwa nayo alijua analofanya siku aliyotia sahihi. Mashtaka ya jinai yawe kwa huyu wa pili, na yule wa kwanza asikilizwe. Serikali isiyotenganisha hao wawili huwafanya wanyofu waogope kuomba hata haki yao.

MAMA AFANYE NINI NYUMBANI?

Mafuriko, moto na tetemeko huweza kufika kwa yeyote, popote. Kwa hayo tuliyoyaona, tunawapa akina mama wenzetu maneno machache.

Kwanza, soma kabla ya kutia sahihi. Waume wengi hutuletea karatasi na kusema, "Tia hapa tu." Sahihi yako ni kinywa chako. Mama yule alituambia baadaye kwamba hakuisoma fomu, alimwamini mumewe. Hilo halikuliondoa jina lake katika mashtaka.

Pili, tunza karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya nyumba, mkataba wa kupanga, bili za umeme na maji, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote vitie katika mfuko wa plastiki mahali utakapoufikia gizani. Kama nyumba ni ya urithi, wahimizeni ndugu wakabadilishe jina wakati bado mnasikilizana. Mnyofu asiye na karatasi huonekana kama mwongo, na mwongo mwenye karatasi huonekana mnyofu, mpaka mita ya umeme iseme.

Tatu, usiombe mara mbili kwa hasara moja. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kulipwa na bima na kulipwa tena na serikali kwa kitu kile kile. Ukipata fedha za bima baada ya msaada, sema. Anayesema mapema huambiwa arudishe. Anayenyamaza huja kuulizwa kwa nini alinyamaza.

Nne, fedha za kodi zilipie kodi, na risiti zitunze. FEMA huwaambia watu wazihifadhi kwa miaka mitatu. Sisi tunasema hata zaidi.

Tano, ukiombwa kushuhudia uongo, kataa mapema na kwa upole. Huna haja ya kumtangaza mtu wala kumtukana. Sema tu unachokijua na usichokijua. Ikiwa aombaye amekutendea mema, mlipe wema wake kwa njia nyingine: mpikie, mwuguze, msaidie kutoa matope sakafuni.

Sita, kumbuka wanaokutazama. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili tulipopoteza zile kazi. Alisikia yote kwa nyuma ya mlango, kama watoto wafanyavyo. Siku moja akatuuliza, "Kwa hiyo tungetia sahihi tungekuwa na fedha?" Tulimwambia ndiyo, na hatukumficha. Akafikiri, kisha akauliza kama bibi mjane ameshapata nyumba. Hakuuliza tena habari za fedha. Watoto huelewa haki upesi kuliko sisi, wakielezwa kwa jina la mtu wanayemjua. Ndiyo maana wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, kwa kuwa watoto ndio huketi katika meza iliyoandaliwa kwa uongo na kula bila kuambiwa.

Bibi yule alipata zamu yake katika orodha, na nyumba yake ikainuliwa juu ya nguzo mwaka 2016. Siku hizi hupanda ngazi kumi na nne polepole, mkono mmoja katika kamba, na hulalamika sana juu ya ngazi hizo. Kazi nasi tulizipata nyingine kidogo kidogo, na kwa sehemu kubwa ni yeye aliyetupeleka kwa majirani.

Na yule mama wa nyumba ya pwani tulikutana naye dukani mwaka 2018. Tulidhani atapita. Alisimama, akamwuliza mwanetu mdogo yuko darasa la ngapi, akamshika shavu. Halafu akatuambia, "Nilijua mtasema kweli. Kwa sababu hiyo ndiyo niliwakabidhi funguo." Tulisalimiana vizuri, tukaahidiana kutembeleana, na tangu hapo kila Desemba hutuandikia.

Wapendwa, funguo za watu tunazo wengi wetu: za nyumba, za ofisi, za sanduku la chama cha akina mama. Siku ya maafa ndiyo siku inayojulikana zimewekwa mikononi mwa nani.